Pembe za Koko na Vikombe vya Docteur

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kando ya bwawa la kuogelea hapa Pearland, Texas, nikimsubiri binti yangu amalize somo lake, akapita mbele yangu mwanamume mmoja mwenye mgongo mpana uliojaa alama za duara. Zilikuwa za zambarau iliyokolea, zimepangwa pande mbili za uti wa mgongo kama vifungo vya koti. Aliweka taulo kwenye kiti, akanyoosha mabega, akajitosa majini. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu akamsindikiza kwa macho, kisha akaniambia kwamba yeye pia hufanyiwa, kuna mahali pazuri nyuma ya duka la vitanda, mtu ukitoka pale unajisikia mwepesi. Nikamshukuru. Hakuna aliyepiga simu. Hakuna aliyemvuta yule bwana pembeni na kumuuliza kwa sauti ya upole ni nani nyumbani kwake aliyemfanya vile.

Niliendesha gari kurudi nyumbani nikiwa na hasira, na puani nilisikia harufu ya nta ya nyuki ambayo haikuwamo kabisa ndani ya gari lile. Wewe ambaye ulilelewa na bibi kama wangu, katika mji kama huu, utanielewa.

Wakati ule tulikuwa tunaishi Gulfton, mtaa wa Houston, ghorofa ya pili, vyumba viwili: mimi, mdogo wangu Baraka, Mama, na Koko. Koko, neno letu la bibi, alikuwa mama mzazi wa baba yetu. Baba mwenyewe, Elia, tulimwacha kwenye makaburi ya kambi ya wakimbizi, Tanzania, na ilipofika zamu yetu ya kusafiri kuja Marekani, Mama aliwaambia wale wa ofisi kwamba haendi popote bila mama mkwe wake. Kwa hiyo Koko akaja, na pembe zake zikaja naye, zimefungwa ndani ya kipande cha kitenge katikati ya sanduku.

Zilikuwa pembe fupi za ng'ombe, zimesuguliwa mpaka zinang'aa, kila moja ina tundu dogo kwenye ncha. Mama yake Koko alizitumia huko milimani Fizi, Kongo, na aliyemfundisha ni mama yake pia. Kwa Kiswahili cha vitabuni kazi ile huitwa kuumika, na pembe yenyewe huitwa chuku. Koko alisema kulumika tu, na pembe aliziita dawa.

Ukikohoa siku nyingi, Koko alikulaza kifudifudi juu ya mkeka, akakupaka mafuta mgongoni, kisha akabandika mdomo mpana wa pembe kwenye ngozi. Alifyonza hewa kupitia lile tundu la nchani mpaka mashavu yake yakadidimia, na bila kuinua kichwa akaliziba tundu kwa kidonge cha nta alichokuwa amekilainisha mdomoni. Pembe ilibaki imesimama peke yake. Haikuuma. Ilikuwa kama mtu amekushika kwa mkono wa moto na hataki kukuachia. Zamani, alisema, walichanja kwanza kwa wembe ili damu mbaya itoke, lakini Mama alikataza wembe tangu siku tulipoingia nyumba ile, na Koko alitii. Mimi niliamini kikohozi ni mnyama aliyejificha kifuani, na kwamba pembe humwita kwa kuwa nayo imetoka kwa mnyama. Pembe zilipobanduliwa nilikuwa naomba kioo nione mahali alipotokea.

Jumamosi Mama hakupenda kutuacha sote na Koko, akawa ananichukua mimi kazini kwake. Alikuwa akimhudumia mzee mmoja huku huku Pearland, mzungu, daktari mpasuaji aliyestaafu. Mama alimwita Docteur, kwa matamshi ya Kifaransa, na mzee alilipenda jina hilo. Mikono yake ilitetemeka muda wote. Mikono iliyokuwa ikifungua matumbo ya watu haikuweza tena kushika kijiko cha uji. Mama alimlisha, akamwogesha, akamvisha soksi, na alipokuwa akifua nguo, mimi nilikaa na Docteur kwenye chumba chenye kabati la kioo.

Ndani ya kabati lile kulikuwa na msumeno wenye mpini wa mti mweusi. Kulikuwa na mkanda wa ngozi wenye skrubu ya shaba, na kitu kama keekee ya fundi seremala, ila ndogo. Kulikuwa na ufunguo wenye ndoana badala ya meno. Nilidhani ni silaha. Katika kichwa changu ni askari tu ndio wenye misumeno ya namna ile, kwa hiyo siku ya kwanza nilimuuliza alipigana vita gani. Alicheka mpaka Mama akaja kumpigapiga mgongoni.

Baada ya hapo alinipa kitambaa na kazi ya kung'arisha, na nilipokuwa nang'arisha alinieleza. Msumeno ulikuwa wa kukata miguu iliyooza, enzi ambazo hakukuwa na dawa ya usingizi, na daktari mzuri alikuwa yule mwenye haraka. Mkanda wa skrubu ulikaza paja ili damu isimwagike. Keekee ilitoboa fuvu la mtu aliyepigwa kichwani. Ule ufunguo ulishika jino, ukazungushwa kama unafungua mlango, na wakati mwingine jino lilitoka na kipande cha taya. Kulikuwa na bomba la mti, refu kama filimbi, la kusikilizia kifua, maana madaktari wa zamani waliona haya kulaza sikio juu ya kifua cha mwanamke. Kulikuwa na chupa ya kauri yenye mfuniko wa matundu, ya kufugia ruba, wale wadudu wa majini wanaonyonya damu. Niliuliza kama ruba wamo bado. Docteur alisema walikwenda likizo.

Siku moja akaniambia nifungue sanduku la mbao lililokuwa rafu ya chini. Ndani, kwenye mahameli nyekundu, kulikuwa na vikombe vidogo vya kioo kizito, na pembeni yake kijisanduku cha shaba. Alinionyesha kitufe. Nilipokibonyeza, nyembe nyingi ndogo zilichomoka chini yake zote kwa pamoja. Docteur akaeleza kwamba daktari alipitisha mwali wa moto ndani ya kikombe, akakibandika haraka mgongoni kwa mgonjwa, na hewa ilipopoa ngozi ikavutwa juu. Kama alitaka damu itoke, alitangulia na zile nyembe. Walitibu hivyo kikohozi, maumivu ya mgongo, hata huzuni.

Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimegundua kwamba wazungu nao wana Koko. "Koko wangu anavyo hivi," nilimwambia. "Vyake ni vya pembe ya ng'ombe. Anavuta kwa mdomo."

Docteur alitikisa kichwa, kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto aliyekosea hesabu. "Hapana," akasema. "Hayo ya bibi yako ni mambo ya kienyeji, ya waganga. Hii ni tiba."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na taulo zilizokunjwa mikononi. Ndani ya gari nilimuuliza tofauti ni nini, akaniambia nifunge mkanda.

Baridi ilipoingia nikaanza kukohoa. Mama alinipeleka zahanati, nikapewa dawa ya maji ya rangi ya waridi, nikainywa. Koko naye akanilaza kwenye mkeka. Kesho yake shuleni nilikohoa mpaka mwalimu akanipeleka kwa muuguzi wa shule, mwanamke mpole mwenye mikono ya baridi. Alitaka kusikiliza mapafu yangu, akainua shati langu kwa nyuma. Kile chombo cha kusikilizia kilikaa hewani muda mrefu kabla hakijanigusa.

Waliniweka kwenye ofisi yenye kiti cha kuzunguka. Alikuja mwanamke mwingine, wa idara inayoshughulikia watoto wanaoteswa, ingawa mimi hilo sikulijua. Alikuwa na sauti ya mtu anayembembeleza paka. Aliuliza nani amenifanyia hivi. Nikajibu kwa fahari kwamba ni Koko. Aliuliza kama niliogopa. Nikafikiri anauliza kuhusu kikohozi, nikasema ndiyo, niliogopa sana, ndiyo maana Koko akanisaidia. Nilimwona anaandika, nikadhani nimejibu vizuri.

Jioni ile ile alikuja nyumbani. Mama alikuwa hajarudi kutoka kazini. Koko alimfungulia, akamkaribisha kwenye kochi, akamletea chai ya maziwa bila kumuuliza. Kiingereza cha Koko kilikuwa asante na kwaheri tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama katikati na kutafsiri, kama nilivyotafsiri kwa mwenye nyumba na kwa dereva wa basi. Mwanamke alisema maneno mengi marefu kisha akasema kwamba ikibidi, wataweza kuondoa. Neno la mwisho nilidhani nimelielewa. Nikamgeukia Koko.

"Anasema wanaweza kuziondoa zile alama."

Koko akatabasamu. "Umwambie asijisumbue. Zitatoka zenyewe, siku kidogo tu."

Nilikuwa natafuta neno la Kiingereza la kusema zitatoka zenyewe nilipoona Mama amefika, amesimama mlangoni na sare yake ya kazi, funguo za gari bado ziko mkononi. Uso wake ulikuwa umekauka. Alimwomba yule mwanamke arudie sentensi yake ya mwisho, polepole. Yule mwanamke akarudia. Ndipo nilipojua kwamba walichosema wataondoa ni mimi na Baraka.

Mama hakupiga kelele. Alipoambiwa kwamba kwanza kutakuwa na mkutano, aliuliza ni lini na wapi, akaambiwa Ijumaa, shuleni, akasema atakuwepo. Alimfungulia mlango. Chai ilibaki pale pale na utando juu yake.

Asubuhi iliyofuata Koko alipiga simu kwa mpwa wake Safari, anayeendesha lori na aliyekuwa akiishi Fort Worth. Tuliporudi kutoka shuleni tulimkuta sebuleni, na sanduku la Koko liko karibu na mlango, limefungwa kamba. Koko alikuwa amevaa kitenge cha kusafiria na koti la Mama. Mama alipoingia alitazama sanduku, akamtazama Safari.

"Shemeji, umekuja kula au umekuja kuchukua mtu?" akauliza. "Kama umekuja kula, kaa. Nitapika."

"Ni Koko mwenyewe aliniita," Safari alisema, macho chini. "Nimeendesha saa nne na zaidi."

"Basi utakuwa na njaa."

Koko akasimama. "Miye nitaenda," alisema. "Huko kwa Safari nyumba iko kubwa. Watoto wasichukuliwe juu yangu. Nikitoka, wale watu watatulia."

Mama alikwenda jikoni akaanza kukata vitunguu, na Koko akamfuata. Mimi nilikaa chini nyuma ya meza na Baraka, na hakuna aliyetufukuza.

"Koko," Mama alisema, maana hata yeye alimwita hivyo, kama sisi, "nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia. Pembe zako mimi siziamini. Elia alipokuwa anakufa kule kambini, ulimlumika kila siku, na kila siku nilitaka kuzitupa shimoni. Nilikuchukia."

Koko alikuwa ameshika ukingo wa sinki. "Najua," akasema. "Nilikuwa naona."

"Hazikumponya. Na zile sindano za zahanati hazikumponya. Uliweka mdomo wako mgongoni kwake wakati watu wengine hawakutaka hata kuingia kwenye hema letu. Hilo nalo niliona." Aliendelea kukata. "Mtu wa namna hiyo hafukuzwi kwenye nyumba yangu. Si na wewe mwenyewe, si na yule mwanamke. Toa koti langu, moshi utaliharibu."

Koko alivua koti. Safari alikula ugali na sombe ya majani ya muhogo, akalala kwenye kochi, na alfajiri akarudi Fort Worth peke yake.

Alhamisi Mama aliomba ruhusa shuleni nitoke mapema, tukaenda kwa Docteur. Alimweleza habari yote akiwa anamfunga vifungo vya shati. Mzee alisikitika kweli, naamini hivyo mpaka leo. Alisema atampigia mtu anayemfahamu, atakuja mwenyewe kwenye mkutano, awaambie kwamba Mama ni mwanamke mwema.

"Hapana, Docteur," Mama akasema. "Sitaki mtu wa kusema mimi ni mwema. Nataka uniazime kikombe kimoja."

Docteur alielekeza macho kwenye kabati. Alisema vile vitu ni vya zamani mno, vimepita mikono ya watu watatu kabla yake, kikivunjika hakipatikani kingine. Mama alimaliza kifungo cha mwisho.

"Kila siku nakuinua kutoka kwenye maji," alimwambia. "Nimekuvunja?"

Mzee aliitazama mikono yake juu ya magoti. Kisha akaniambia nikachukue ufunguo wa kabati, nichague ninachotaka mimi. Nilichagua kile kizito kuliko vyote.

Ijumaa walitaka nisubiri nje. Mama alisema mgongo unaozungumziwa ni wangu, kwa hiyo nitakaa. Ndani walikuwemo mwalimu mkuu, muuguzi wa shule na mwanamke wa idara. Walikuwa wameandaa mkalimani kwenye simu, lakini alikuwa anazungumza Kiswahili cha mbali na chetu na mawimbi yalikatika, Mama akaomba simu ikatwe. Akaongea Kiingereza chake alichojifunza kwa kuwaogesha wagonjwa, neno moja baada ya jingine, kama mtu anayepanga vyombo.

Alitoa kikombe cha kioo kwenye mkoba, akakiweka mezani. Kando yake akaweka pembe ya Koko. Kando ya pembe akaweka chupa ya dawa ya zahanati, imebaki nusu.

"Hiki ni cha daktari wenu," alisema. "Atakapokufa kitakwenda makumbusho, na shule hii itawapeleka watoto wakakitazame. Hii ni ya mama wa mume wangu. Zote mbili zinaacha alama moja. Mimi sisemi zinaponya. Mtoto anakunywa dawa, hii hapa. Nasema hakuna mtu aliyempiga mtoto wangu."

Muuguzi wa shule alikichukua kikombe, akakigeuza, akakibandika kwenye mkono wake na kukitazama. Mwanamke wa idara alisema anaelewa, kwamba kila jamii ina mila zake, na kwamba anadhani jambo litaisha vizuri, lakini mpaka wakubwa wake waamue ingekuwa busara bibi akae mahali pengine.

"Hapana," Mama akasema.

"Ni kwa muda mfupi tu."

"Nikienda kazini, Koko ndiye anayewapikia watoto wangu na kuwalaza. Hatoki."

"Ukikataa, itaonekana vibaya kwako."

"Itaonekana inavyoonekana," Mama alijibu, akaanza kurudisha vitu vyake kwenye mkoba, kikombe kikiwa kimefungwa ndani ya skafu yake.

Baadaye sana shauri lile lilifungwa, na Koko aliishi nasi mpaka alipozikwa hapa hapa Houston. Sasa nimekuwa muuguzi katika hospitali kubwa, na mgonjwa akija na alama za duara mgongoni mimi huuliza kwanza ni nani aliyemhangaikia. Lakini wiki ile hatukujua kitakachotokea. Kila tuliposikia hatua kwenye ngazi, Mama alizima redio.

Habari zilikuwa zimeenea kwenye majengo yetu. Jumamosi walikuja kina mama watatu wa kanisani, Wakongomani wenzetu, wakakaa bila kunywa chai. Walisema wanatuombea. Kisha mmoja akasema ingekuwa vyema Riziki, yaani mimi, nisije kanisani mpaka ngozi itulie, maana wazungu wakisikia, wataanza kuwafunua watoto wote mashati. Hata wao, alisema, wana bibi nyumbani. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akawasindikiza mpaka kwenye ngazi, kama ilivyo heshima.

Jumapili alinitolea gauni la manjano.

"Hili lina mgongo wazi," nilimwambia. Nililipenda sana, ila lilikuwa gauni la majira ya joto, na alama zangu zilikuwa bado zinaonekana, zimekuwa rangi ya chai.

"Najua," Mama akasema. Alinisuka nywele akaziinua zote juu, zisifunike kitu.

Tulipoingia kanisani, kwaya ilikuwa imeshaanza. Kulikuwa na viti nyuma, karibu na mlango, ambako watu waliochelewa hukaa. Mama alivipita. Tulitembea katikati ya ukumbi, Mama mbele amemshika Baraka mkono, mimi nyuma yake, na Koko mwishoni akiburuza viatu vyake, mpaka safu ya kwanza kabisa. Niliyahisi macho ya watu mgongoni kwangu, yanahama kutoka duara hadi duara. Nilitaka kujificha. Nikajisogeza nyuma ili niubane mgongo kwenye kiti.

Mama akaniinamia sikioni.

"Kaa wima," alisema. "Usiegemee."